Piezoelektriki nyumbufu

Piezoelektriki nyumbufu ni dutu ambazo hutoa chaji ya umeme zinapobanwa, kuvutwa au kupindwa, na ambazo zinaweza kukunjika pamoja na nguo, kiatu au ngozi bila kuvunjika. Neno "piezoelektriki" lina asili ya Kigiriki: piezein maana yake ni kubana au kukandamiza. Dutu hizo hutumika hasa kutengeneza vihisi (sensa) vya shinikizo na mtikisiko. Zimechunguzwa pia kama njia ya kuvuna nishati kutoka mwendo wa binadamu, yaani hatua za miguu, kukunjika kwa viungo, kupumua na mapigo ya moyo.

Umeme unaopatikana kwa njia hii ni mdogo. Kifaa cha kuvaliwa kwa kawaida hutoa mikrowati kadhaa hadi miliwati chache. Kiasi hicho kinatosha kuendesha kihisi kidogo au kutuma ujumbe mfupi wa redio mara kwa mara, lakini hakitoshi kuchaji simu ya mkononi kwa muda unaofaa.

Historia

Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques Curie na Pierre Curie, walionyesha mjini Paris, Ufaransa, kwamba fuwele za kwatzi, turmalini, topazi, sukari ya miwa na chumvi ya Rochelle hutoa chaji ya umeme zikibanwa. Mwaka 1881 mwanafizikia Gabriel Lippmann alikokotoa kwamba lazima kinyume chake kiwepo pia: fuwele ikipewa umeme itabadilika umbo. Ndugu Curie walithibitisha jambo hilo kwa majaribio mwaka huohuo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Paul Langevin alitumia kwatzi kutoa na kupokea mawimbi ya sauti chini ya maji ili kugundua nyambizi. Katika miaka ya 1940 iligunduliwa seramiki ya titanati ya bari, na katika miaka ya 1950 zirkonati-titanati ya risasi, inayojulikana kwa kifupi kama PZT. Seramiki hizo zina nguvu kubwa zaidi kuliko kwatzi, ila ni ngumu na hupasuka kama sahani ya kauri. Hazikufaa kuwekwa mahali panapokunjika.

Njia ya kuelekea dutu laini ilifunguliwa nchini Japani. Eiichi Fukada alipima tabia ya piezoelektriki katika ubao mwaka 1955, na mwaka 1957 yeye na Iwao Yasuda waliipima katika mfupa. Mwaka 1969 Heiji Kawai alitangaza kwamba plastiki iitwayo polivinilidini floridi (PVDF) huwa piezoelektriki yenye nguvu ikivutwa na kisha kuwekwa katika uga mkali wa umeme. Tangu hapo PVDF imekuwa dutu kuu ya aina hii.

Wazo la kuvuna nishati kutoka mwilini lilipata msukumo mwaka 1996, Thad Starner wa chuo cha MIT nchini Marekani alipochapisha makadirio ya nishati iliyomo katika shughuli mbalimbali za mwili. Mwaka 1998 watafiti wa MIT Media Lab, akiwemo Joseph Paradiso, walionyesha viatu vyenye tabaka za PVDF na PZT ndani ya soli. Mwaka 2006 Zhong Lin Wang na Jinhui Song wa Georgia Institute of Technology walieleza jinsi nyaya ndogo sana za oksidi ya zinki zinavyotoa umeme zikipindwa. Mwaka 2010 vikundi vya watafiti wa Princeton nchini Marekani na KAIST nchini Korea Kusini vilionyesha, kila kimoja kwa njia yake, kwamba hata seramiki inaweza kunyumbuka ikitengenezwa nyembamba sana.

Jinsi zinavyofanya kazi

Katika dutu yoyote kuna chaji chanya na chaji hasi. Kwa kawaida zimepangwa kwa namna ambayo athari zake hufutana. Katika dutu ya piezoelektriki mpangilio huo hauna ulinganifu kamili. Umbo likibadilika kidogo, kitovu cha chaji chanya na kitovu cha chaji hasi husogeleana au kuachana, na chaji hutokea juu ya nyuso za dutu. Nyuso hizo zikipakwa tabaka la metali, yaani elektrodi, na kuunganishwa kwa waya, mkondo wa umeme hupita.

PVDF ni mfano mzuri. Mnyororo wake una atomi za kaboni. Kaboni moja hubeba atomi mbili za hidrojeni, na inayofuata hubeba atomi mbili za florini. Florini huvuta elektroni kwa nguvu, hivyo upande wake huwa hasi na upande wa hidrojeni huwa chanya. PVDF ikipoa kwa kawaida kutoka hali ya kiowevu, minyororo hujipanga katika umbo linaloitwa alfa, ambamo pande hizo hufutana. Ikivutwa hadi kuwa ndefu mara kadhaa ikiwa ya moto, hugeuka kuwa umbo la beta, ambamo atomi zote za florini za mnyororo mmoja ziko upande mmoja. Baada ya hapo hupewa uga wa umeme wa makumi ya volti kwa kila mikromita ya unene ili minyororo yote ielekee upande mmoja. Bila hatua hizo mbili PVDF ni plastiki ya kawaida tu.

Chaji hutokea wakati umbo linapobadilika. Mtu akisimama tuli juu ya soli ya piezoelektriki, hakuna umeme mpya unaopatikana, na chaji ya mwanzo huvuja polepole. Akiinua mguu, mkondo hupita tena kuelekea upande wa pili. Kwa sababu hiyo umeme unaotoka ni wa kubadilika mwelekeo.

Vipimo vya nguvu

Uwezo wa dutu hupimwa kwa kiasi cha chaji inayotoka kwa kila nyutoni ya kani, kwa kipimo cha pikokulombi kwa nyutoni (pC/N). Thamani za kawaida ni takriban hizi:

- Kwatzi: 2.3
- Asidi ya polilaktiki, ikisukumwa kwa msokoto: 10
- PVDF: 20 hadi 30
- Povu la plastiki lililotiwa chaji: zaidi ya 100
- PZT: 300 hadi 600

Orodha hii peke yake inaweza kupotosha. PZT hutoa chaji nyingi kwa kani ileile, lakini uwezo wake wa kuhifadhi chaji ndani yake ni mkubwa pia, hivyo volteji hubaki ndogo. PVDF hutoa chaji kidogo, lakini kwa shinikizo lilelile volteji yake huwa takriban mara kumi ya ile ya PZT. Ndiyo maana PVDF ni kihisi kizuri sana hata pale ambapo si chanzo kizuri cha nishati.

Mfano wa hesabu

Namna dutu inavyosukumwa ina uzito kuliko ukubwa wa kani. Mtu mwenye uzito wa takriban nyutoni 700 akikanyaga bapa la PVDF lenye uwezo wa 30 pC/N, chaji inayotoka ni:

700 × 30 = pikokulombi 21,000, yaani nanokulombi 21

Sasa kichukuliwe kipande kidogo cha PVDF chenye urefu wa sentimita 5, upana wa sentimita 2 na unene wa mikromita 28. Kikivutwa kwa urefu kwa kani ya nyutoni 10 tu, kani hiyo hupita katika eneo dogo sana, kwa kuwa kipande ni chembamba. Chaji huzidishwa kwa uwiano wa urefu na unene, ambao hapa ni karibu 1,800. Kwa uwezo wa 20 pC/N, chaji inayotoka ni takriban nanokulombi 360. Volteji bila mzigo hukaribia volti 90, na nishati ni takriban mikrojuli 17.

Kwa hiyo kuvuta kwa uzito wa kilo moja hutoa chaji mara 17 ya ile inayotokana na kukanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Kwa sababu hiyo vivunaji vingi vya viatu havibanwi tu chini ya kisigino. Huwekwa pale soli inapokunjika, tabaka zikiwa zimegandishwa juu na chini ya kiini cha plastiki: soli ikikunjika, tabaka za upande mmoja huvutwa na za upande wa pili hubanwa.

Aina

Polima za florini. Mbali na PVDF yenyewe, kuna polima shiriki yake iitwayo P(VDF-TrFE), ambayo hupata umbo linalofaa bila kuvutwa. Inaweza kuyeyushwa katika kiyeyusho, kupakwa juu ya kitambaa au kuchapwa kama wino.

Polima za kibiolojia. Asidi ya polilaktiki, ambayo hutengenezwa kutokana na wanga wa mahindi au miwa, huwa piezoelektriki minyororo yake ikipangwa. Haihitaji uga mkali wa umeme, na huoza yenyewe baada ya muda. Selulosi na kolajeni zina tabia hiyo pia kwa kiwango kidogo.

Seramiki nyembamba. Kitu kikipindwa, uso wake wa nje hunyooka kwa kiasi kinacholingana na unene uliogawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha pindo. Seramiki yenye unene wa milimita 1 ikipindwa kuzunguka nusu kipenyo cha sentimita 1 ingelazimika kunyooka kwa asilimia 5, na huvunjika mapema kabla ya kufika hapo. Yenye unene wa mikromita 1 hunyooka kwa asilimia 0.005 tu, hivyo haidhuriki. Hivyo basi utepe wa PZT uliobandikwa juu ya mpira wa silikoni unaweza kukunjwa kama karatasi.

Mchanganyiko. Unga au nyuzi za seramiki huchanganywa na mpira au gundi. Seramiki hutoa chaji, na mpira hutoa unyumbufu. Mfano ulioingia sokoni ni bapa la nyuzi za PZT lililobuniwa katika kituo cha NASA Langley mwaka 1996.

Nyaya nano. Nyaya za oksidi ya zinki huoteshwa kama nyasi juu ya plastiki au kitambaa. Kila uzi ni mwembamba kuliko mikromita 1 na hupindika kwa urahisi.

Povu lenye chaji. Plastiki ya polipropilini hutengenezwa ikiwa na vishimo vya hewa, kisha chaji hunaswa katika kuta za vishimo hivyo. Si piezoelektriki kwa maana kamili, lakini hutenda kama hiyo na ni laini sana inapobanwa.

Kuvuna nishati kutoka mwilini

Hatua za miguu

Kutembea ndiko chanzo kikubwa zaidi. Starner alikadiria kwamba mtu wa kilo 68 anayepiga hatua mbili kwa sekunde, kisigino kikishuka sentimita 5 kila hatua, hupoteza takriban wati 67. Hata hivyo nishati hiyo haiwezi kuchukuliwa yote. Kiatu kinachoshuka sentimita 5 kila hatua kingemchosha mvaaji kama anayetembea juu ya mchanga laini. Kivunaji kinachokubalika kinapaswa kuchukua tu kile ambacho soli ya kawaida ingekipoteza kama joto.

Katika majaribio ya MIT ya mwaka 1998, kivunaji chenye tabaka 16 za PVDF kilitoa wastani wa miliwati 1.1 kwa mwendo wa kawaida wa kutembea. Mwaka 2001 kivunaji cha PZT kilichowekwa chini ya kisigino kilifikia miliwati 8.4. Umeme huo ulitumika kuendesha kitumaji kidogo cha redio kilichotoa namba ya utambulisho ya mvaaji kila baada ya hatua chache, bila betri yoyote.

Viungo, mapafu na moyo

Kiwiko, goti na vidole hukunjika kwa pembe kubwa, hivyo bapa la piezoelektriki lililoshonwa kwenye nguo hupindika vizuri. Kifua hupanuka na kusinyaa mara 12 hadi 18 kwa dakika mtu akipumzika. Moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika usiku na mchana, na ndiyo sababu watafiti wa tiba wanauangalia kwa makini.

Kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kusawazisha mapigo ya moyo hutumia mikrowati chache tu hadi makumi, lakini betri yake ikiisha baada ya miaka kadhaa mgonjwa hulazimika kufanyiwa upasuaji ili kibadilishwe. Mwaka 2014 timu iliyojumuisha Canan Dagdeviren na John Rogers ilichapisha majaribio ambamo tepe nyembamba za PZT zilishonwa juu ya moyo, mapafu na kiwambo cha wanyama wakubwa, na umeme wake kuhifadhiwa katika betri ndogo. Hapa miliwati hazihitajiki, na umeme kidogo unaopatikana bila kukoma unaweza kumwepushia mtu kisu cha daktari.

Saketi

Umeme wa piezoelektriki una volteji kubwa na mkondo mdogo sana. Kabla ya kutumika hupitishwa katika diodi nne zinazougeuza kuwa wa mwelekeo mmoja, kisha hukusanywa katika kapasita. Kapasita ikijaa kiasi cha kutosha, saketi hufunguka na kifaa hufanya kazi kwa sehemu ya sekunde, kisha kusubiri tena. Kifaa kinachoendeshwa hivi hufanya kazi kwa vipindi, kama mtu anayechota maji kwa kikombe kujaza ndoo kabla ya kuitumia.

Je, simu inaweza kuchajiwa kwa kutembea?

Kiatu kinachochaji simu kimetangazwa mara nyingi katika vyombo vya habari sehemu mbalimbali za dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 habari za mvumbuzi wa Kenya aliyeweka kipande chembamba cha fuwele katika soli kwa kusudi hilo zilienea sana. Haja yenyewe ni ya kweli pale ambapo nyumba haina umeme na mtu hulipia kuchaji simu dukani.

Hesabu huonyesha ukubwa wa tatizo. Betri ya simujanja yenye mAh 4,000 kwa volti 3.8 huhifadhi takriban watisaa 15. Kwa miliwati 8.4 zingehitajika saa 1,800 za kutembea, yaani siku 75 usiku na mchana, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Simu ndogo ya vitufe yenye betri ya mAh 800 huhitaji takriban watisaa 3, sawa na saa 350 za kutembea. Paneli ndogo ya sola ya wati 1 hujaza betri hiyo ndogo kwa saa chache za jua kali.

Vivunaji vinavyotumia sumaku na koili hutoa umeme mwingi zaidi kutoka mwilini. Mkoba wa mgongoni ulioelezwa na Lawrence Rome na wenzake mwaka 2005 ulifikia wati 7.4, ukitumia mzigo mzito unaopanda na kushuka. Kifaa cha goti cha Max Donelan na wenzake cha mwaka 2008 kilitoa takriban wati 5. Hivyo ni vifaa vikubwa na vizito, wakati bapa la PVDF huwa na uzito wa gramu chache na mvaaji halihisi.

Matumizi

Matumizi yaliyokwisha kuenea ni ya vihisi kuliko vivunaji. PVDF hutumika katika maikrofoni za chini ya maji, vipimo vya mawimbi ya sauti za juu hospitalini, vihisi vya mtikisiko na mikanda ya kupima upumuaji wa mtu aliyelala. Bapa likiwekwa chini ya godoro linaweza kutambua pumzi na mapigo ya moyo bila kugusa ngozi.

Faida ya pekee ni kwamba kihisi cha piezoelektriki hujitolea umeme wa ishara yake chenyewe. Katika soli ya kiatu bapa lilelile linaweza kuonyesha jinsi mgonjwa anavyokanyaga na pia kuchangia umeme wa kutuma taarifa hiyo.

Changamoto

- Mwendo wa polepole. Binadamu hutembea kwa hatua moja au mbili kwa sekunde, ilhali vifaa vidogo hutoa umeme mwingi vikitikisika makumi au mamia ya mara kwa sekunde.
- Uchovu wa dutu. Mtu anayepiga hatua 5,000 kwa siku hukunja kila soli karibu mara milioni moja kwa mwaka. Mara nyingi elektrodi hupasuka kabla ya polima yenyewe.
- Joto na unyevu. PVDF hupoteza sehemu ya uwezo wake ikikaa juu ya takriban sentigredi 80, hivyo haivumilii pasi. Jasho likiingia huvujisha chaji.
- Madini ya risasi. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa PZT ni risasi, ambayo ni sumu. Dutu hiyo hulazimika kufungwa vizuri isigusane na mwili.
- Florini. PVDF imo katika kundi kubwa la kemikali za florini ambazo haziozi. Mwaka 2023 ulichapishwa pendekezo la kuzibana katika Umoja wa Ulaya, na hilo limeongeza hamu ya kutumia asidi ya polilaktiki na selulosi.

Changamoto nyingine ni ya upimaji. Taarifa nyingi hutaja volteji ya juu kabisa iliyoonekana bila mzigo wowote. Kama mfano wa hapo juu unavyoonyesha, volti 90 zinaweza kuambatana na mikrojuli 17 tu. Kipimo chenye maana ni wastani wa wati unaopita katika mzigo kwa muda mrefu. Aidha, tabaka za plastiki zikisuguana hutoa umeme tuli unaoweza kudhaniwa kuwa wa piezoelektriki. Jaribio moja la kutofautisha ni kugeuza waya za elektrodi: ishara halisi ya piezoelektriki hugeuka pamoja nazo. Jaribio lingine ni kupima bapa ambalo halikupewa uga wa umeme wakati wa kutengenezwa. Nalo likitoa umeme uleule, chanzo chake si piezoelektriki.

Tazama pia

- Fuwele
- Kapasita
- Nishati mbadala
- Polima
- Umeme tuli